Kijiti Kilichopigwa Tupa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa mifupa amesema wiki nane. Plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, na nisiukanyage mguu huu hata kwa utani. Aliyasema haya akitabasamu, kama vile ni mguu wa mtu mwingine. Kwake yeye ni mguu wa mtu mwingine kweli.

Naandika kwa sababu sina lingine la kufanya. Daftari kaniletea mke wangu kutoka duka la dawa anakouza. Kila ukurasa una picha ya chupa ya dawa ya kikohozi pembeni. Basi, kwa kumbukumbu: nilikuwa naishusha kompyuta yangu kutoka ghorofa ya pili tulikopanga, nikakosa ngazi moja. Mimi na mashine tulifika chini pamoja. Mimi nilivunjika mguu, yenyewe ikavunjika karibu kila kitu. Zimepona kadi ya picha, ile inayochora kwenye kioo, na diski tu; kioo chenyewe kilikuwa hakijashushwa. Mke wangu hawezi kuniuguza na kuuza dawa kwa wakati mmoja, kwa hiyo tumerudisha funguo za chumba na kuhamia kwa baba yake. Mzee ni seremala. Karakana iko chini, chumba chetu kiko juu yake, ngazi kumi na saba. Anashinda hapo siku nzima, nikianguka atasikia.

Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi nimerejea zizi la watu.

Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Msumeno unaanza saa moja asubuhi. Choo kiko chini, kwa hiyo leo nimebebwa mgongoni na baba mkwe kama gunia la mkaa. Tulipofika mlangoni akasema, "Haya, mkwe," akageukia ukutani akawa anakagua bawaba za mlango mpaka nilipomaliza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimepata barua pepe nikaisoma mara sita. Ofisi ya wasanifu wa majengo, mji ulio mbali na hapa safari ya siku nzima, inatafuta mchoraji wa ramani. Wamenitumia mchoro wa mkono wa zahanati ya ghorofa tatu. Nichore ramani zake zote, niwatumie kabla ya Ijumaa tarehe 10 Mei. Atakayewaridhisha anapewa kazi, na kazi ina nyumba. Nyumba! Yenye choo chake, na hakuna baba mkwe anayekagua bawaba.

Nahitaji mashine, na mashine ya kuokota dukani haitaweza. Ukiifungulia ramani ya ghorofa tatu inakwama katikati ya ukuta. Itabidi niiunde mwenyewe, kipuri kwa kipuri, juu ya kadi na diski zilizopona. Watu hudhani unanunua vilivyo bora kisha unavipachika. La. Unaanza na bodi, ule ubao ambao kila kitu hukaa juu yake, na bodi ndiyo inayoamua. Inasema nataka prosesa, ubongo wa mashine, ya namna hii, na RAM, kumbukumbu yake ya kazi, ya kizazi cha nne, si cha tatu wala cha tano. Kasha liwe kubwa kuimeza bodi. Kifaa cha umeme kiwe na nguvu ya kutosha, tena kiwe na mikia miwili ya nyaya ya kulisha kadi ya picha. Kosea kimoja, vyote vinakaa vinatazamana.

Nimeandika orodha. Anayekwenda mjini ni mzee, kila Jumamosi, kufuata misumari na gundi, na duka la vipuri vya kompyuta liko njiani kwake. Mwenye duka huitwa Vipuri. Nasikia hata mkewe humwita hivyo.

Mke wangu aliitazama orodha akacheka. "Mwandiko gani huu? Kuku kachakura. Baba hataweza kuusoma kwa macho yale." Akakaa ukingoni mwa kitanda akainakili kwa herufi za duka la dawa, zile anazoandikia wagonjwa: moja kutwa mara tatu. Akasema kila wiki atainakili ya Jumamosi hiyo. Nikamwambia Mungu ambariki.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna jambo.

Jumamosi, 16 Machi

Bodi imefika, ni yenyewe. Prosesa ni yenyewe. Nilizipakata kama mtoto mchanga.

Kisha mzee akapandisha kasha. Dogo, jeusi, zuri kweli, ungeweza kuliweka sebuleni ukapanda maua. Bodi haiingii. Niliisimamisha, nikailaza, nikaipinda upande. Imezidi vidole vinne.

"Baba," nikasema kwa adabu zote nilizonazo, "niliandika kasha kubwa."

Mzee alitoa karatasi mfukoni, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akairudisha. "Nimenunua nilichosoma," akasema. "Kama bodi imezidi kidogo, naweza kulitoboa kasha pembeni."

Nimemwambia hapana, asante, lirudishwe. Kwa hiyo nangoja Jumamosi nyingine. Jioni nilimlalamikia mke wangu. Alisema, "Mvumilie, macho yake ndiyo hayo," akanivua soksi ya mguu mzima akaanza kuukanda.

Alhamisi, 21 Machi

Mlango wa chumba umevimba kwa mvua. Asubuhi mke wangu aliuvuta ukafungwa, akaenda kazini, na tangu hapo haukufunguka tena. Saa tano nilihitaji kwenda chini. Niliita. Msumeno ulikuwa unaunguruma, mvua inapiga mabati, na mimi napiga sakafu kwa gongo. Nilipiga robo saa nzima. Nilikaribia kulia, na silii ovyo.

Mzee alipanda, akausukuma kwa bega, akaung'oa, akaukalisha kwenye magoti akaupiga randa ukingoni, pale pale, mimi nimeshikilia tumbo. "Kitu kisipoingia, kipunguze," akaniambia. Huo ndio useremala wake wote. Nilimwangalia maranda yakidondoka sakafuni nikajisemea, huyu ndiye aliyeshika maisha yangu mkononi.

Jumamosi, 23 Machi

Kasha kubwa limekuja. Kifaa cha umeme alisema kimekwisha dukani, wiki ijayo.

Jumamosi, 30 Machi

Kifaa cha umeme kimekuja. Kina nguvu. Hakina hata mkia mmoja wa kadi ya picha.

Nimeandika upya kwa wino mwekundu, nikapiga mstari chini ya MIKIA MIWILI mara mbili. Mke wangu kainakili.

Jumanne, 2 Aprili

Mchana hauna kitu. Nahesabu misumari ya dari. Saa kumi na moja kasorobo naanza kusikiliza mlango wa chini. Mke wangu akiingia huwa anakung'uta mwavuli mara tatu, halafu anapanda, na ngazi ya tisa inalia. Naita jina lake kabla hajafika ya tisa. Huo ndio ujinga niliofikia.

Leo kanisimulia mama mmoja aliyekuja dukani kutaka dawa ya mumewe ya kuacha kukoroma. Akaulizwa, anakoroma tangu lini? Akasema, sijui, mimi hulala kwanza. Basi dawa ya nini? Ya kumtishia, akasema. Tumecheka mpaka mzee akagonga dari kwa ufagio. Sikumbuki kama kule tulikopanga alikuwa na hadithi namna hii. Labda nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 6 Aprili

Mikia miwili ipo, na mzee ameshusha kasha lenye bodi karakana kukaza skrubu. Imebaki RAM tu. Siku thelathini na nne.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Barabara ya mjini imekatika darajani.

Alhamisi, 11 Aprili

Bado mvua. Nimegombana na mke wangu kuhusu mto wa kulalia. Hatukuwa tunagombania mto.

Jumamosi, 13 Aprili

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea.

Daraja lilifunguliwa asubuhi, mzee akaenda akarudi mapema. Nikamsikia karakana. Hakupanda. Nikasikia sauti ya chuma juu ya kitu kidogo, kwaruza, kwaruza, kisha kimya, kisha kwaruza. Nilidhani ananoa msumeno.

Alipopanda alikuwa na vijiti viwili vya RAM kwenye kiganja. Kila kijiti cha RAM kina pengo dogo chini, na tundu la bodi lina kipande kinachokaa kwenye pengo hilo. Kizazi cha tatu pengo liko hapa, cha nne liko pale, ndiyo namna ya kukuzuia usipachike kisichofaa. Vijiti vile vilikuwa na mapengo mawili. Moja la kiwandani. Jingine la tupa. Alikata katikati ya meno ya dhahabu ambayo umeme hupitia, akayalainisha kingo vizuri kama mguu wa kiti.

"Vilikataa kuingia," akasema. "Nikavipunguza."

"Baba. Hivi ni vya tatu. Niliandika nne."

"Macho, mkwe. Niliona tatu."

Nilisahau adabu. Nilimwambia hii si mbao. Nilimwambia nyumba hii itanizika. Nilimwambia mtu asiyeweza kusoma namba aombe asomewe, tena sikusema kwa sauti ya chini. Mzee alisimama pale mikono imening'inia, vumbi la dhahabu kwenye vidole, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umesema kweli," akashuka.

Jioni mke wangu aliposikia aliviokota vijiti vile akaviweka dirishani, akanigeuzia mgongo. Nilidhani ana hasira na mimi kwa kumtukania baba. Ningekuwa mimi ningekuwa nayo.

Jumapili, 14 Aprili

Leo hakunibeba kwa "Haya, mkwe." Alinibeba tu.

Jumatano, 17 Aprili

Nimefikiri neno baya: labda anafanya makusudi. Ana binti mmoja. Tukiondoka anabaki na misumeno. Nani amlaumu? Mimi namlaumu.

Jumamosi, 20 Aprili

Kasha limerudi, na vijiti viwili vya kizazi cha nne vimewekwa kwenye ngazi ya juu kabisa, ndani ya kitambaa. Hakuingia chumbani. Alisema tu kutoka nje, "Hii nimesomewa na Vipuri mwenyewe."

Jumatatu, 22 Aprili

Imekubali! Nilibonya, feni zikazunguka, kioo kikawaka. Nimepiga kelele hadi karakana ikanyamaza. Siku kumi na nane. Zinatosha nikila mezani. Nimeanza msingi wa zahanati saa hiyohiyo.

Mke wangu aliingia na mwavuli wake. Sikumsikia ngazi ya tisa. Aliniwekea chai akasema hongera.

Jumatano, 24 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu umekuwa mwembamba kama ufito. Daktari kanipa gongo moja, kaniambia nitembee.

Ngazi kumi na saba kwa miguu yangu mwenyewe. Nilizishuka kwa dakika kumi, nikaingia karakana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nilikuwa nimekuja kumwomba mzee radhi. Alikuwa ametoka kupeleka kabati kwa mteja. Nikakaa kwenye benchi lake kumngoja.

Ukutani kuna msumari mrefu, na kila karatasi ya kazi huchomekwa hapo: vipimo vya vitanda, vya madirisha, majina ya wateja. Juu kabisa zilikuwa zetu. Nikazitoa ili nimwonyeshe, nimwambie kwa utani, ona, Baba, hapa pameandikwa nne.

Paliandikwa tatu.

Mwandiko wa duka la dawa, mzuri, mweusi, usioweza kukosewa hata na kipofu. RAM kizazi cha 3. Karatasi nyingine chini yake: kifaa cha umeme cha kwanza, na mikia haikutajwa popote. Orodha yangu iliitaja, miwili. Ya chini zaidi: kasha dogo.

Mzee alirudi akanikuta nimezishika. Aliweka kofia yake, akakaa kwenye gogo.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba." Akakuna kidevu. "Lile la kasha sikujua. La mikia sikujua. Hivi vijiti vilipokataa niliangalia sanduku la bodi, limeandikwa nne. Nikaangalia karatasi. Mara moja ni kosa, mkwe. Mara tatu si kosa."

"Basi kwa nini ukavipiga tupa?"

Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Miaka arobaini nachonga ulimi na tundu. Unadhani sijui pengo huwekwa kwa nini? Ningekuletea hivi hivi, ungeniambia nikuonyeshe karatasi. Nikajua ukiona alama za tupa, hutauliza karatasi. Nikaona bora nionekane mjinga mimi kuliko binti yangu aonekane mwongo."

Nilimwomba radhi. Akasema mambo ya radhi tuyaache, nimshikie ubao upande ule, na nisiegemee mguu mbovu.

Alhamisi, 25 Aprili

Mke wangu alipoingia saa kumi na moja nilikuwa nimezipanga karatasi tatu kitandani. Alizitazama. Hakukana. Alitundika mwavuli.

"Umeshuka ngazi," akasema.

"Nimeshuka."

"Mguu unauma?"

"Usiniulize mguu. Ulitaka nikose kazi?"

"Nilitaka uchelewe."

"Kuchelewa ndiyo kukosa!"

"Najua."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba hataki kuhama. Hapo ndipo alipokaa, na koti lake limelowa.

"Nilikwambia. Mwaka juzi nilikwambia nimechoka, ulikuwa unachora hoteli, ukasema enhee. Mwaka jana nilikwambia nahisi niko peke yangu, ukasema enhee, ukaniomba nikuletee chaja. Miaka mitatu naongea na kisogo, mume wangu. Nakijua kisogo chako kuliko uso. Halafu ukaanguka. Hapa nikifika unaniita kabla sijapanda. Unauliza nani kaja dukani. Unacheka. Ulipovunjika mguu ndipo nilipopata mume."

Nikasema jambo ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nikasema, "Nilikusikiliza kwa sababu nilikuwa nimefungwa humu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nikakufunga."

Hakulia. Nililia mimi. Nina hasira naye mpaka meno yananiuma, na nina aibu, na sijui kipi kinaanza. Wiki saba nimemwona baba yake kama askari jela, kumbe funguo zilikuwa kwenye mkoba wa mtu niliyekuwa nikingoja kwa furaha nimsikie mlangoni.

Jumapili, 28 Aprili

Nachora. Ghorofa ya kwanza.

Ijumaa, 3 Mei

Nimegeuza meza nitazame mlango. Alipoingia aliona. Akapita akaenda kukunja nguo.

Jumanne, 7 Mei

Mvua zimepungua. Anakula chini na baba yake, mimi nakula hapa. Nawasikia wakizungumza, siyasikii maneno. Ningeweza kushuka, mguu unaweza. Nina vyoo vya ghorofa ya tatu vya kumaliza.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetuma. Saa nane mchana. Hakuna aliyekuwa nyumbani wa kumwambia.

Jumatatu, 20 Mei

Wamenichukua. Nianze Jumatatu ijayo. Nyumba ina vyumba viwili.

Nilimwambia mke wangu nikiwa nimesimama mbele yake, macho kwa macho. Alinipongeza kwa dhati, hilo naliapia. Nikasema, "Twende." Akasema, "Nenda." Nikasema mambo mengi: nimegeuza meza, nimejifunza, sitakuwa yule. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza yeye.

"Mashine yako ulinieleza kitu," akasema. "Kwamba kila kipuri kinaweza kuwa kizima na bado visikubaliane. Sisi wote wazima."

"Hivyo vilikuwa vipuri."

"Basi tungoje tuone."

Jumamosi, 25 Mei

Mzee amenichongea sanduku la kusafirishia kompyuta, na ndani amepiga vipande vya sponji vya saizi hasa. Alipima kila upande mara mbili, nikimwona. Amenibebea hadi kituoni. Nilimwambia naweza, akasema najua unaweza. Mke wangu alinipa mkono dirishani, akaniambia nisisahau mazoezi ya mguu. Gari liliondoka nikiwa nimegeuza shingo mpaka ikauma.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya tatu kazini. Nyumba ni nzuri, kuta nyeupe, choo ndani. Nakwenda na kurudi nitakavyo, hakuna anayenibeba, hakuna mlango uliovimba. Jioni nilikaa kitandani saa kumi na moja kasorobo nikajikuta nasikiliza ngazi, na nyumba hii haina ngazi. Sijawahi kujihisi nimefungwa kama leo.

Nikaiunganisha mashine, nikaiwasha. Nikamwandikia mke wangu: "Imekubali."

Jibu lilichukua muda. Nilipika, nikala, nikaosha sahani moja. Simu ikalia.

"Mimi bado."

Nimemwendea mkuu wa ofisi nyumbani kwake, mlango wa pili, nikamwomba ruhusa ya Ijumaa. Ameshangaa, siku ya tatu kazini mtu anaomba ruhusa. Akauliza nina dharura gani. Nikamwambia nakwenda ukweni, kuna mtu nataka kumsikiliza.